Thamani ya Kitu Chenyewe

Katika falsafa ya mazingira, thamani ya kitu chenyewe ni ile ambayo kitu kinayo kwa kuwa kipo tu, hata kama hakimfaidii mtu yeyote. Inatofautishwa na thamani ya matumizi. Mkoko unatoa boriti, unahifadhi kaa na kamba wachanga, unazuia mawimbi yasimege ufuo: hayo yote ni matumizi.

Shuleni tunafundisha matumizi karibu peke yake. Neno lenyewe maliasili limeitia asili katika hesabu ya mali. Mtoto anaandika kwamba miti hutupa kuni, dawa na kivuli, anapata alama zote, na somo linaishia hapo.

Mwaka 1973, kwenye kongamano la dunia la falsafa huko Varna, Bulgaria, Richard Routley alileta mfano unaolifungua upya somo hilo. Binadamu wote wamekufa, amebaki mmoja. Kabla hajafa anaangamiza kila kiumbe hai anachoweza. Hakuna mtu atakayeumia. Je, amekosa?

Niliwahi kuwauliza watoto wa darasa la tano swali hilo, tumekaa chini ya mkungu, nikalifanya dogo: mtu wa mwisho, shoka, na mti wa mwisho. Mvulana mmoja alisema hakuna kosa, kwani nani atamshtaki? Msichana akapinga: "Bundi atalala wapi?" Nikamwambia bundi naye hayupo tena, umebaki mti peke yake. Wakanyamaza. Kisha mmoja akaweka kiganja kwenye gome la mkungu, akasema: "Na wenyewe je? Si unaishi?"

Mtoto huyo alinipa tafsiri niliyokuwa naitafuta. Istilahi ya Kiingereza, intrinsic value, ina mzizi katika neno la Kilatini intrinsecus, yaani "kwa ndani". Lakini "thamani ya ndani" inamfanya msikilizaji afikirie kilichofichwa kifuani mwa kitu, kama fedha kashani. "Thamani asilia" nayo inagongana na asili yenye maana ya viumbe na misitu. Kiambishi cha -enyewe hufuata ngeli: mti wenyewe, mto wenyewe, ndege mwenyewe. Kila kimoja kinatajwa kwa nafasi yake.

Tena mwenyewe, kwa Kiswahili, ni mwenye mali. Mtoto akiparamia mwembe wa jirani huambiwa, "Shuka, una mwenyewe."

Wanafalsafa bado wanabishana kama thamani hii ipo kweli, na kazi ya mwalimu si kuwaamulia watoto. Kazi yake ni kuhakikisha swali linawafikia kabla shoka halijawafikia. Siku mtoto atakapouliza mwenye mti ni nani, tusikimbilie kutaja jina la mtu. Tumwache kwanza aukabili mti wenyewe.