Mnyama akikatwa usiku, kwa nini mgeni ndiye anashtakiwa kwanza?

Ndugu wasikilizaji wa Mabalako, na ninyi wazazi mliokuja kukaa kwetu mkikimbia vita, leo tuache kidogo habari za siku, tuzungumze historia.

Sababu ni neno linalorudi mara nyingi huku kwetu. Mbuzi anakutwa asubuhi malishoni, mguu umekatwa panga, kamba bado imefungwa kwenye mti. Nyama haikuchukuliwa. Kabla ya mtu kutazama nyayo, jibu liko tayari: « Ni wale wageni. » Mwizi huwa anachukua. Aliyekata mguu na kuacha mnyama palepale alitaka mwenyewe aumie, na ili umwumize mtu hivyo ni lazima kwanza uwe na kisa naye. Hapo ndipo mimi huanza kuwa na mashaka.

Kisa kinachojulikana sana ni cha farasi, mnyama ambaye sisi hatumzoei. Mbung'o na ugonjwa wa nagana havikumwacha aenee katika misitu ya Kongo. Lakini Uingereza ya mwaka 1903 ilikuwa nchi ya farasi. Katika kijiji cha Great Wyrley, chenye migodi ya makaa ya mawe, farasi, ng'ombe na kondoo walianza kukutwa asubuhi wamepasuliwa tumbo malishoni. Ilianza mwezi wa Februari. Polisi waliweka walinzi mashambani usiku, na bado wanyama walikatwa. Barua zisizo na jina zilitembea zikitaja majina ya watu.

Tarehe 18 Agosti, farasi mdogo wa mgodini alikutwa amekatwa. Siku hiyohiyo polisi walimkamata George Edalji, mwanasheria kijana. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la kijiji, mzaliwa wa India. Mama yake Mwingereza. George alikulia palepale, lakini kwa rangi na kwa jina alibaki mgeni machoni mwa wengi. Mwezi wa Oktoba alihukumiwa miaka saba ya kazi ngumu. Wakati yeye akiwa amefungwa, wanyama waliendelea kukatwa! Hilo peke yake lingetosha kufungua macho ya waamuzi, lakini halikutosha. Alitoka mwaka 1906 baada ya miaka mitatu, bila kusafishwa jina. Mwandishi Arthur Conan Doyle alipochunguza faili aliona jambo ambalo kila mtu angeweza kuliona: Edalji alikuwa na macho mabovu sana, hawezi kuvuka mashamba gizani na kumfikia mnyama. Mwaka 1907 serikali ikampa msamaha, lakini hakulipwa hata senti moja. Mwaka huohuo bunge la Uingereza lilianzisha mahakama ya rufaa kwa kesi za jinai, na kisa hicho kilikuwa mojawapo ya sababu. Mkata farasi hakujulikana kamwe kwa uhakika.

Tuje sasa karibu na kwetu. Kenya, Septemba 1952, katika mashamba ya masetla karibu na Timau, chini ya mlima Kenya, ng'ombe na kondoo wengi walikatwa usiku mmoja, wengine mishipa ya miguu ya nyuma, wakaachwa hivyo. Ilikuwa mwanzo wa Mau Mau. Hasira ya watu walionyang'anywa ardhi ninaielewa, ingawa ng'ombe hakumnyang'anya mtu kitu. Tarehe 20 Oktoba gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Mwezi wa Novemba setla mmoja alipouawa upande wa Thomson's Falls, mji unaoitwa leo Nyahururu, serikali haikungoja kumpata muuaji. Maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi kama maskwota kwenye mashamba ya jirani walifukuzwa, wake kwa watoto, na mifugo yao ikakamatwa. Wengi wao hawakuwa wameshika panga. Walikuwa tu karibu, na wa kabila lililoshukiwa.

Na jimboni kwetu? Wazee wa Masisi wanaweza kueleza kuliko mimi. Vita vya kikabila vilipoanza Machi 1993, kuanzia soko la Ntoto huko Walikale, ng'ombe walikuwa wengi kwenye vilima vya Masisi. Kisha wakaja wakimbizi wa mwaka 1994, na vikundi vyenye silaha. Ng'ombe wakaibwa, wakachinjwa malishoni, wengine wakauzwa Goma kwa bei ya kutupa. Vita vilipofika mwaka 1996 makundi mengi yalikuwa yamekwisha. Waya na miti ya uzio ilikuwapo kwenye mashamba makubwa. Haikusaidia kitu, kwa sababu wachungaji na majirani, ambao ndio macho ya malisho, walikuwa wamekimbia au wamekuwa maadui.

Huku Beni sisi tuna jeraha letu. Mauaji yalipoanza Oktoba 2014, hofu ya mgeni iliingia katika kila mtaa. Mwishoni mwa mwezi huo, mjini Beni, umati ulimuua kijana aliyedhaniwa kuwa mwasi. Hakujua kuongea Kiswahili, na hilo likahesabiwa kama ushahidi. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa hapa Mabalako, na mpaka ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020 tuliona hata waganga wakipigwa kwa sababu walitoka mbali. Tunajua basi neno « mgeni » linaweza kufika wapi.

Turudi kwa yule mbuzi. Kwetu mbuzi hufungwa kamba mchana kwa sababu moja: akiachwa anaingia shamba la mtu. Kamba ikikatika, maharagwe ya jirani yanakwisha kwa saa moja. Kwa hiyo mkimkuta amekatwa, ulizeni kwanza alikula shamba la nani mwezi huu, na nani alitoa maneno makali. Familia iliyolala darasani, haina hata mstari mmoja wa mihogo, ingekuwa na kisa gani na mbuzi wako? Sisemi kwamba aliyekimbia vita hawezi kukosa. Nasema tuanze na sababu, si na uso.

Wazazi wetu hawakungoja polisi. Jioni mbuzi waliingizwa jikoni au nyumbani, walihesabiwa, na mtoto aliyewachunga alijibu kwa kila mmoja. Siku hizi mtoto yuko shuleni, au familia haithubutu kwenda shambani, na mbuzi anakaa peke yake hadi usiku. Majirani watatu au wanne wakifunga wanyama wao mahali pamoja na kupokezana zamu, hata yule mama aliyekuja juzi na mbuzi wake mmoja anaweza kupewa siku yake. Atajua nani anapita, naye atajulikana.

Ubaya ukitokea, usimchinje mnyama haraka na kugawa nyama, maana ushahidi unaliwa. Mwite chifu wa mtaa au wa nyumba kumi, mwite mganga wa mifugo kama yuko, piga picha ya kidonda na ya mahali. Sheria ya makosa ya Kongo ya mwaka 1940 inamwadhibu anayeua au kujeruhi mnyama wa mwingine kwa ubaya na bila lazima. Sheria hiyohiyo inamwadhibu anayempiga mtu, hata kama alikuwa anamdhania. Na mnaotutumia majina kwa simu tuyasome hewani: hatutayasoma. Yapelekeni kwa chifu, pamoja na ile picha.