Namba Badala ya Jina
Maabara ndogo aliyoianzisha Rudolf Geigy wa Uswisi mjini Ifakara, Tanzania, katika miaka ya 1950, ambayo baadaye ilikua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ilianza mwaka 1996 kuorodhesha kaya za vijiji vya Kilombero na Ulanga, na wadadisi wakawa wanazitembelea kila baada ya miezi minne kuandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Kila mkazi alipewa namba ya utambulisho, yaani tarakimu zinazomwakilisha katika takwimu pasipo kumtaja jina; tahadhari ya busara, maana anayeuliza habari za msiba huenda ni jirani wa wafiwa. Wajibu huo wa kutunza siri, ambao aghalabu uliegemea maadili ya kazi, ulipewa nguvu mpya, kwa watafiti na waajiri vilevile, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.