Chotara "damu safi" na farasi wa Stanley

Mitihani ya majaribio imenibana lakini hii lazima niitoe. Juzi mjomba kanipigia toka Msata, kuna jamaa anamuuzia mtamba "chotara damu safi", bei yake auze ng'ombe watatu wa kienyeji, na mmoja wao ndiye ada ya binamu yangu. "Mjomba, wewe si msomi, hebu niambie." Nasoma historia jamani, mitamba wapi na wapi! Ila nikakumbuka kitu.

Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash. Farasi wa ikulu, usicheze! Wakavuka mto Kingani (ndio Ruvu yetu), kufika Kingaru wakafa wote, wakipishana muda mfupi tu. Mmoja kupasuliwa, minyoo kibao tumboni. Kichekesho ni kwamba mkuu wa kijiji alidai alipwe nguo kwa sababu farasi kazikwa kwenye ardhi yake bila ruhusa. Stanley akatishia kumfukua aozee juu. Mzee akanywea.

Sasa "damu safi" maana yake ni kwamba wazazi na mababu wote ni wa mbegu moja. Basi. Haisemi kama mnyama ataweza kupe na ndorobo wa huku kwetu. Na chotara hawezi kuwa damu safi, hilo neno lenyewe linagombana! Chotara wa kwanza, mama zebu baba Friesian, ana nusu kwa nusu, na mara nyingi ana nguvu kweli. Ukizalisha chotara kwa chotara, kila mzazi anatoa nusu ya alichonacho kwa bahati nasibu, kwa hiyo ndama mmoja anakuwa wa maziwa, mwenzie wa kukohoa tu.

Wataalamu wa Mpwapwa, Dodoma, walihangaika miaka mingi kuchanganya Sahiwal na Red Sindhi wa asili ya Bara Hindi, zebu wetu, Boran na Ayrshire kidogo, wakichagua ndama kizazi hadi kizazi. Kufikia 1958 ng'ombe wa Mpwapwa alikuwa ameshakuwa mbegu yenye jina lake, na zaidi ya nusu ya damu yake ni ya Bara Hindi. Yaani alianza chotara huyo!

"Kwa hiyo nimuulize nini huyu bwana?"

"Muulize dume lilikuwa la nani mjomba, na mama yake twende tukamwone."

Toka Alhamisi jamaa hapokei simu. Ng'ombe watatu bado wapo zizini.