Kutoka tembe hadi bati: adabu ya kutengeneza nyumba Ugogo

Ukizungumza na watu wa Dodoma kuhusu nyumba, utasikia historia fupi: zamani kulikuwa na tembe, halafu yakaja mabati, tukaendelea. Mimi historia hiyo hainitoshi. Inahesabu vifaa na kusahau makubaliano. Huwezi kutengeneza nyumba bila kukubaliana na mwenzako: nani atafanya nini, atapewa nini, na lini. Makubaliano hayo yamebadilika kuliko paa lenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunapoumia leo.

Tuanze na biashara. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, nchi kame ambako kisima ni mali. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani vitambaa, shanga na waya. Leo neno hongo linanuka rushwa, lakini wakati ule ulikuwa ushuru wa njia uliojulikana na kila mkuu wa msafara. Richard Burton alipita mwaka 1857, Henry Morton Stanley mwaka 1871, na wote wawili walilalamika sana. Mazungumzo yangeweza kula siku nzima au zaidi, na ukishamalizana na mtemi mmoja, mbele yuko mwingine. Lakini tazama utaratibu wake: mnajadiliana, mnalipana, ndipo msafara unasonga. Bei ilimalizwa kabla.

Nyumbani nako kulikuwa na utaratibu. Tembe ni nyumba ndefu na fupi ya kimo, iliyozunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Kuta ni za miti na fito zilizokandikwa udongo, na juu kuna magogo, fito na tabaka nene la udongo. Mchana wa jua kali ndani kunakuwa na ubaridi, na juu ya dari hilo watu walianika nafaka. Kasoro zake zilijulikana pia: mchwa hula nguzo, na mvua kubwa hupenya kwenye nyufa. Kwa hiyo tembe ilihitaji kukaguliwa kiangazi, kabla mvua za Desemba hazijaanza. Ufa unazibwa mapema, nguzo iliyoliwa inabadilishwa, maji yanaelekezwa mbali na ukuta.

Kazi kubwa watu hawakuifanya peke yao. Mwenye nyumba aliita majirani, na mkeo au mama yako akapika pombe ya mtama au uwele. Haikuwa ujira, ila haikuwa bure pia. Aliyekuja kwako leo, kesho unakwenda kwake. Ukikwepa, mwaka unaofuata utapandisha magogo yako mwenyewe.

Halafu ikaja serikali na nyumba bora. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino kushiriki kazi na wanakijiji. Nyumba za tofali zikapangwa kwa mistari, na tembe ikaanza kutajwa kama alama ya kubaki nyuma. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ikahimiza watu wachimbe vyoo na kusafisha mazingira. Sipuuzi hayo: choo kinaokoa watoto. Tatizo ni kwamba ujuzi wa zamani uliwekwa kapu moja na uchafu, kana kwamba mtu anayejua kuziba dari lake hajui kitu.

Nyumba ya tofali inataka saruji, misumari na bati, na vyote vinatoka dukani. Duka nalo lilikuwa na mambo yake. Tume ya Bei ilianza kazi katika miaka hiyohiyo ya 1970, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ikalenga kuondoa maduka ya watu binafsi vijijini ili yabaki ya ushirika. Baada ya vita vya Kagera bidhaa ziliadimika kabisa. Watu walipanga foleni bila kujua kinauzwa nini. Mwaka 1983 ikafuata kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Katika miaka hiyo mteja alijifunza adabu moja tu: kunyamaza na kushukuru. Ukiuliza sana, unakosa sabuni.

Nadhani bado tunatembea na adabu hiyo. Maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa, hasa tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, lakini tunanunua kama watu wa foleni. Jirani yangu wa Nkuhungu aliuziwa bati za geji 32 kwa jina la geji 30. Aligundua fundi alipokanyaga paa likabonyea. Kurudi dukani aliona haya. "Nitaonekana mkorofi," aliniambia. Hakuwa na risiti.

Kuuliza siyo ukorofi. Geji inavyopanda namba, bati linakuwa jembamba; uliza, soma maandishi yaliyochapwa kwenye bati, na dai risiti iandikwe geji. Kitu kibovu kirudishe mapema kabla hujakitumia, tena kwa salamu na utulivu. Kwa fundi nako, kubaliana bei kabla hajapanda kwenye kenchi, muiandike, mlipane kwa hatua. Kumpunguzia mtu hela baada ya kazi kwisha siyo ujanja wa mjini. Babu zetu wangekuacha na magogo yako.

Na kiangazi kagua, kama walivyokagua wao: msumari uliolegea, kutu, ufa chini ya dirisha. Kisha funga gata. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 8 hupokea zaidi ya lita 27,000. Hata theluthi ikipotea, zinabaki lita 18,000. Dari la udongo lisingeweza kukupa hayo, na kwa hilo bati nalisifu bila kusita. Misafara ililipa vitambaa ili inywe maji katika nchi hii. Sisi tunayaacha yachimbe msingi wa nyumba, halafu tunamwita muuza maji wa madumu na kubishana naye bei akishamimina.