Neno Moja la Eunomius

Kila mwaka somo la historia ya Kanisa linapofika karne ya nne, wanachuo huchoka. Majina ni magumu, mitaguso ni mingi, na ugomvi wenyewe unaonekana kuwa juu ya neno moja tu la Kiyunani. Nasi tulipoketi upande ule wa darasa tulichoka vivyo hivyo. Ilitubidi kwanza tuharibu mazishi ya mtoto ndipo tuelewe Mababa wale walikuwa wanapigania nini.

Neno lenyewe lilikuwa “Asiyezaliwa”. Eunomius, aliyekuwa kwa muda askofu wa Kiziko, alifundisha kwamba neno hilo si sifa mojawapo tu ya Mungu; ndilo linaloeleza asili yake hasa. Ukishalielewa, umemwelewa Mungu alivyo. Na kwa kuwa Mwana amezaliwa na Baba, basi asili yake ni nyingine. Adui zake walisema alijigamba kwamba anamjua Mungu kama vile Mungu anavyojijua. Maneno ya adui yapokelewe kwa tahadhari, lakini hoja yake ilielekea huko kweli.

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba Eunomius aliharibiwa na falsafa ya Wayunani, na wapinzani wake wakashika Biblia peke yake. Sivyo. Basili wa Kaisaria na rafiki yake Gregori wa Nazianzo walisoma Athene kwa miaka kadhaa, katika mji ambao Julian, kaisari wa baadaye, alipita pia kama mwanafunzi mwaka 355. Mwaka 362 Julian, akiwa ameiacha imani, aliwazuia walimu Wakristo kufundisha vitabu vya Wayunani. Gregori alikasirika sana. Kwake elimu ile haikuwa mali ya wapagani, nayo sheria ya Julian ilikuwa wizi.

Kwa hiyo pande zote mbili zilikunywa katika kisima kimoja. Tofauti ilikuwa katika kujua kisima kinaishia wapi. Plato aliandika kwamba kumpata Muumba wa ulimwengu ni kazi ngumu, na kumtangaza kwa watu wote haiwezekani. Gregori alilichukua wazo hilo akaligeuza: kumweleza Mungu haiwezekani, na kumfahamu jinsi alivyo haiwezekani zaidi. Alimshuku hata mwanafalsafa kwa ujanja, kwamba kwa kusema “ni vigumu” alitaka tudhani yeye ameweza.

Basili alikwisha kumjibu Eunomius kwa maandishi katika miaka ya 360. Tunamjua Mungu kwa matendo yake yanayotushukia, alifundisha, wala hatuifikii asili yake. Ndugu yake, Gregori wa Nisa, aliendeleza hoja hiyo kwa mfano tunaoupenda: wewe unayedai kuijua asili ya Mungu, tueleze kwanza asili ya sisimizi. Anapumua? Ana mifupa? Wanachuo hucheka hapo, kisha hunyamaza.

Mabishano haya hayakubaki kwa maaskofu. Gregori huyo wa Nisa anasimulia kwamba katika Konstantinopoli ukiuliza bei ya mkate, muuzaji anakujibu habari za Baba kuwa mkuu kuliko Mwana. Katika mji huo, mwaka 380, Gregori wa Nazianzo alitoa hotuba zake tano juu ya Mungu. Waumini wake walikuwa wachache, wakikusanyika katika nyumba iliyoitwa Anastasia, yaani Ufufuo, nao walikwisha kupigwa mawe. Alianza kwa onyo: si kila mtu, wala si kila saa, wala si mbele ya kila msikilizaji, anayepaswa kujadili mambo ya Mungu. Walikuwapo walioyafanya kuwa mazungumzo ya baada ya chakula na mashindano ya farasi.

Onyo hilo lilitufikia tukiwa tumechelewa. Tulikuwa wachungaji wapya. Tulisimama mbele ya jeneza dogo tukamweleza mama wa mtoto sababu ya Mungu kumchukua mwanawe. Tulikuwa na hoja tatu, kila moja na aya yake. Hatukuwa tumesoma mstari hata mmoja wa Eunomius, lakini tulihubiri kama wanafunzi wake.

Martin Luther, katika kitabu chake cha 1525 dhidi ya Erasmus, alitenganisha Mungu aliyefichika na Mungu anayehubiriwa. Aliyefichika hatukupewa kumchunguza. Anayehubiriwa ni Kristo msalabani. Jambo hili tulikwisha kulijibu vizuri sana katika mtihani.

Mwanachuo mmoja alituuliza: “Mchungaji, sasa mazishini tuseme nini?” Tulimpa asome hotuba ya Gregori wa Nazianzo juu ya mdogo wake, Caesarius. Alikuwa tabibu katika jumba la kifalme. Mwaka 368 tetemeko la ardhi liliuangusha mji wa Nikea naye akaokoka; muda mfupi baadaye ugonjwa ukamchukua. Hapo mtu wa hoja tatu angekuwa na kazi nzuri: kwa nini aokolewe kwenye vifusi ili afe kitandani? Gregori, mbele ya wazazi wao wazee, anasimulia ndugu yake alikuwa mtu wa namna gani, analia, na anaungojea ufufuo.

Miaka mingi baadaye tulimwendea mama yule kumwomba radhi kwa maneno yale. Tulidhani ameyasahau. Alizitaja hoja zote tatu, kwa mpangilio wake.