Majinuni: Neno Lililoacha Mapenzi Njiani

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja alijiita katika shairi lake "majinuni" wa mpenzi wake. Nililipigia neno hilo mstari kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: "Mwendawazimu? Tafuta neno jingine." Leo nakiri, ndugu wasomaji, kwamba mwanafunzi alikuwa na haki kuliko mwalimu wake.

Neno hili asili yake ni Kiarabu, majnun. Ma- yake ya mwanzo si kiambishi chetu cha wingi, bali ni alama ya mtendwa, kama katika marehemu, yaani aliyerehemiwa, na mahabusu, yaani aliyefungwa. Mzizi wake una maana ya kufunika na kusitiri. Humo ndimo alimotoka jini, kiumbe asiyeonekana, na ndimo ilimotoka janna, bustani iliyofunikwa na miti. Majinuni, basi, ni mtu ambaye akili yake imefunikwa. Au, kwa itikadi ya kale, aliyeingiwa na jini.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye lakabu hii ilimganda kuliko wote: Qays, mshairi wa kabila la Banu Amir, anayesimuliwa kuwa aliishi katika karne ya 7. Alimwimba Layla hadharani mpaka baba wa binti akaona fedheha, akaikataa posa. Qays akakimbilia jangwani, akaishi na wanyama huku akiendelea kutunga. Mwaka 1188 Nizami wa Ganja aliitunga habari hiyo kwa Kiajemi, na tangu hapo neno likatembea pamoja na kisa chake. Waajemi wana hata mti waliouita bid-e majnun, wenye matawi yanayoinama hadi chini kama nywele zisizochanwa. Fuzuli akakitunga kisa upya kwa Kituruki cha Azerbaijan katika karne ya 16. Baku ikakiona jukwaani kama opera mwaka 1908. Kwa Kihindi na Kiurdu, majnu ni kijana aliyezama mapenzini, na mara nyingi husemwa kwa dhihaka.

Sisi tulilipokea neno bila Layla. Kamusi zetu zinasema majinuni ni mwendawazimu, basi. Kazi ya mapenzi tuliiachia ashiki, nayo kwa wengi imeteremka hadi kuwa tamaa ya mwili tu. Mtu anayependa hadi kupotewa na nafsi yake hatuna jina lake moja, ilhali tunalo mdomoni kila tunapotukanana.

Mwanachuo wangu alilifuta, akaandika "mpendaji", silabi nne kwa silabi nne. Nami nikampa alama zote za mizani.