Viazi vya kuponda vya Usukuma

Agiza viazi vya kuponda Bariadi mjini na mpishi atafikiria viazi mviringo, siagi na maziwa. Viazi hivyo hupandishwa kwenye malori nyanda za juu, Mbeya na Njombe, na vingi vikifika huku huishia kwenye karai la chipsi. Ni wageni wa juzi: wamisionari na wakoloni ndio waliovieneza milimani tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Usukumani wameponda viazi muda mrefu, ila viazi vitamu, tena vilivyokaushwa kwanza.

Kiazi kitamu chenyewe asili yake ni Amerika, na wanahistoria wengi huwataja Wareno kuwa ndio waliokivusha hadi Afrika. Kilipofika uwanda huu wa kusini mwa Ziwa Victoria kilikuta kiangazi kirefu. Mvua zikishakatika, udongo wa mbuga hupasuka, na fukusi hupenya kwenye nyufa mpaka kwenye kiazi. Kilichoingiliwa huwa kichungu, hata ng'ombe hakifurahii. Ukikiacha shambani unakipoteza, ukikivuna kinaoza. Jua lililoleta tatizo likageuzwa dawa.

Njia ni mbili. Michembe ni kiazi kibichi: huachwa siku chache kinyauke kidogo, humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya mwamba. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakatwe na kuanikwa. Moto wa polepole hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, ndiyo maana watoto huyatafuna vivyo hivyo kama peremende. Mimi nayaona kuwa bora kuliko biskuti nyingi za dukani.

Wakati wa ukoloni zao hili lilipata msukumo mwingine. Waingereza walitaka pamba, na pamba hailiki. Kwa hiyo mamlaka za wenyeji zilitungiwa sheria za kila kaya kulima mazao ya kinga ya njaa, muhogo na viazi vikiwamo. Simiyu, mkoa iliko Bariadi, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, bado ni ngome ya pamba nchini, na michembe bado hutolewa ghalani miezi ya palizi, mahindi yanapopungua.

Kuiponda kunataka subira tu. Ioshe, iloweke mpaka ilegee, ichemshe kwa chumvi kidogo hadi mwiko upite bila kugoma. Mwaga maji, ponda ikiwa ya moto, kisha ongeza karanga zilizotwangwa au maziwa yaliyopashwa. Kiazi mviringo ukikisonga kupita kiasi, wanga wake hunata kama gundi. Michembe husamehe zaidi.

Aina za viazi vitamu nazo zimeongezeka: kati ya 2009 na 2012 mradi wa Marando Bora ulisambaza mbegu safi Kanda ya Ziwa, zikiwamo za viazi vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanasayansi wanne waliotunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, yeye na wawili wenzake kwa kazi ya viazi hivyo. Vina maji zaidi kuliko vyeupe, hivyo rojo lake ni laini na linamfaa mtoto anayeanza kula. Wazee waliozoea kiazi cha ungaunga huvilalamikia hivi vya chungwa. Na mwamba hauvifai sana: jua kali hupunguza vitamini hiyo, kwa hiyo michembe yake ni afadhali ianikwe kivulini penye upepo.